Kutibu chunusi kwa vidonge vya uzazi wa mpango: hatua kwa hatua

Kuna chunusi zisizosikia sabuni wala krimu. Huota kidevuni, kwenye taya na kushuka shingoni, huanza kuuma kabla hazijachomoza, na hufumuka upya kila hedhi inapokaribia. Mwanamke anaweza kuwa na miaka 28, amebalehe zamani, na bado uso unamsumbua kama wa binti wa sekondari. Hizo ndizo chunusi ambazo vidonge vya uzazi wa mpango, wengine huviita vidonge vya majira, vinaweza kuzituliza.

Lakini si kila kidonge, na si kwa kila mwanamke. Vipo vidonge vya uzazi wa mpango vinavyoweza kuzidisha chunusi, na wapo wanawake ambao kidonge kinachosafisha uso kinaweza kuwaletea bonge la damu kwenye mapafu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu mambo ya kufanya kabla ya kumeza kidonge cha kwanza. Majina ya dawa nitayaandika kama yanavyochapwa kwenye boksi, ili uyatambue ukiyaona.

Kinachofanyika chini ya ngozi

Uso umejaa tezi ndogo za mafuta, kila moja imeshikana na shina la unywele. Tezi hizi hupokea amri kutoka kwa androjeni, yaani homoni za kundi la testosteroni. Wanawake nao wanazo, kwa kiasi kidogo, zikitoka kwenye ovari na kwenye tezi zilizo juu ya figo. Amri ikizidi, mafuta huongezeka, seli zilizokufa hugandamana nayo na kuziba tundu la unywele, bakteria wa kawaida wa ngozi hustawi humo ndani, na mwili hujibu kwa uvimbe, maumivu na usaha.

Kidonge chenye homoni mbili, estrojeni na projestini, huingilia mambo mapema kabla tundu halijaziba. Huituliza tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo, na ovari zikapunguza utengenezaji wa testosteroni. Wakati huohuo estrojeni hulisukuma ini litengeneze kwa wingi protini inayoishika testosteroni ndani ya damu, na testosteroni iliyoshikwa haina nguvu kwenye ngozi. Baadhi ya projestini, kama drospirenone na cyproterone acetate, huongeza jambo la tatu: huziba njia ya androjeni kwenye tezi yenyewe.

Kwa sababu hiyo kidonge hakina la kufanya na chunusi iliyoota jana. Kinazuia zile ambazo zingeota miezi ijayo.

Usishangae pia ukipima homoni na majibu yakaja ya kawaida. Wanawake wengi wenye chunusi za utu uzima wana testosteroni ya kawaida kabisa. Tezi zao tu ndizo nyepesi kuitikia. Kidonge huwasaidia hata hao. Na yule anayekuambia chunusi ni damu chafu inayotafuta pa kutokea, kisha akakuuzia dawa ya kuisafisha, msikilize kwa adabu na uende zako.

Hatua ya 1: Hakikisha tatizo ni la kutibiwa kwa homoni

Chunguza kwanza unachopaka. Krimu za kung'arisha ngozi mara nyingi huwa na steroidi, na steroidi usoni huzaa vipele vingi vidogo vinavyofanana, ambavyo hupoa kidogo ukipaka na kulipuka ukiacha. Mafuta mazito ya nywele huziba matundu ya paji la uso. Vipele vinavyowasha sana kifuani na mgongoni vinaweza kuwa fangasi. Haya yote hayatibiwi kwa kidonge cha uzazi wa mpango.

Angalia pia njia ya uzazi wa mpango unayotumia sasa. Sindano, kijiti cha mkononi, kitanzi chenye homoni na vidonge vya projestini peke yake havina estrojeni, na kwa baadhi ya wanawake huongeza chunusi. Kama uso uliharibika miezi michache baada ya kuanza mojawapo, umepata mahali pa kuanzia mazungumzo na mtoa huduma.

Kama chunusi ni chache na ndogo, anza na dawa za kupaka: benzoyl peroxide, adapalene, au zote mbili. Ni salama zaidi, na kwa wengi zinatosha. Kidonge kinaingia pale ambapo chunusi ni za wastani au kali, dawa za kupaka zimejaribiwa ipasavyo zikashindwa, au pale ambapo mwanamke alikuwa anahitaji uzazi wa mpango hata kama uso wake ungekuwa laini. Huyu wa mwisho ndiye anayefaidi zaidi, maana anapata huduma mbili kwa kidonge kimoja.

Jambo moja lisipite bila kuangaliwa. Kama pamoja na chunusi hedhi yako hupotea miezi kadhaa, nywele zinaota kidevuni, kifuani au chini ya kitovu, au nywele za utosini zinapungua, huenda una ugonjwa wa ovari zenye vifuko vingi. Vidonge bado vinaweza kuwa sehemu ya tiba yako, lakini unahitaji uchunguzi kwanza, kwa kuwa ugonjwa huo huambatana na matatizo ya sukari na ya kupata ujauzito. Na kama sauti yako imeanza kuwa nzito, au nywele hizo zimeota kwa kasi ndani ya miezi michache, usingoje. Nenda kwa daktari upesi.

Kama unatafuta mtoto sasa hivi, ishia hapa. Zipo dawa za kupaka zinazokubalika wakati huo, azelaic acid ikiwa mojawapo, na daktari atakuelekeza.

Hatua ya 2: Jifunze kusoma boksi

Chukua pakiti mkononi. Geuza boksi utafute maandishi madogo yanayotaja kilichomo ndani ya kila kidonge. Unachotafuta ni majina mawili. Mfano wa kawaida sana: levonorgestrel 0.15 mg na ethinylestradiol 0.03 mg. Jina la pili ndilo estrojeni. Likiwepo, hicho ni kidonge cha mchanganyiko, na ndicho kinachoweza kusaidia chunusi. Vipo vidonge vipya ambavyo estrojeni yake imeandikwa estradiol au estetrol, lakini utafiti mwingi wa chunusi umefanywa kwa ethinylestradiol, kwa kawaida kati ya mikrogramu 20 na 35.

Ukiona jina moja tu, mfano levonorgestrel 0.03 mg, norethisterone 0.35 mg au desogestrel 0.075 mg, umeshika kidonge cha projestini peke yake, ambacho mara nyingi hupewa mama anayenyonyesha. Ni kizuri kwa uzazi wa mpango. Kwa chunusi, hapana. Na kile cha dharura cha levonorgestrel 1.5 mg kinachomezwa baada ya tendo hakina uhusiano wowote na matibabu haya.

Ndani ya boksi, pakiti nyingi zina vidonge 28. Vile 21 vina homoni, na 7 vya rangi tofauti havina; mara nyingi vile 7 vya kahawia vina madini ya chuma tu. Nyingine zina 24 kwa 4. Nyingine zina 21 peke yake, unapumzika siku 7, kisha unafungua pakiti mpya.

Sasa swali ambalo kila mtu huuliza: kipi ndicho bora kwa chunusi? Nchini Marekani, mamlaka ya dawa, FDA, iliidhinisha kidonge cha kwanza kwa kazi hii mwaka 1997, chenye norgestimate na ethinylestradiol. Baadaye vikafuata vyenye norethindrone acetate na vyenye drospirenone. Lakini idhini ni karatasi ambayo mtengenezaji ameiomba. Kukosa idhini hiyo hakuthibitishi kwamba kidonge hakifanyi kazi. Mapitio ya mwaka 2012 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yalikusanya majaribio 31 na kuona kwamba vidonge vya mchanganyiko vilipunguza chunusi, zenye uvimbe na zisizo na uvimbe, huku tofauti kati ya aina moja na nyingine zikiwa chache na ndogo.

Ushauri wangu ni huu: usikimbilie jina la gharama kwa sababu tu rafiki alilisifia. Kama hujawahi kutumia, kidonge cha mchanganyiko kinachopatikana kwa urahisi, hata kile cha levonorgestrel, ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa sababu hatari yake ya kugandisha damu iko chini kuliko ya baadhi ya vile vinavyosifiwa kwa uso. Aina ibadilishwe baadaye ikihitajika.

Kidonge chenye cyproterone acetate 2 mg na ethinylestradiol 0.035 mg kina historia yake. Ufaransa ilisitisha mauzo yake mwaka 2013 kwa sababu ya mabonge ya damu. Mwaka huohuo mamlaka ya dawa ya Ulaya ilikipitia upya, ikakiruhusu kwa chunusi za wastani hadi kali ambazo dawa za kupaka au antibiotiki zimeshindwa, na kikarudi sokoni Ufaransa mwaka 2014. Kinazuia mimba pia, ila hakipaswi kutolewa kwa ajili ya kuzuia mimba tu, wala usikichanganye na kidonge kingine cha uzazi wa mpango.

Hatua ya 3: Jihoji kuhusu damu, moyo na kichwa

Hapa usiruke mstari. Estrojeni huifanya damu iwe nyepesi kuganda, na hatari hiyo ndiyo inayoamua nani atumie na nani asitumie.

Tuiweke hatari kwenye kipimo chake kwanza. Kwa takwimu za mamlaka ya Ulaya, kati ya wanawake 10,000 wasiotumia homoni na wasio wajawazito, wapatao 2 hupata bonge la damu kwenye mshipa kwa mwaka. Wakitumia vidonge vya mchanganyiko vyenye levonorgestrel, norethisterone au norgestimate, idadi hupanda hadi 5 au 7. Kwa vyenye drospirenone, desogestrel au gestodene, ni 9 hadi 12. Ujauzito wenyewe una hatari kubwa kuliko hizo, na wiki za kwanza baada ya kujifungua kubwa zaidi. Kwa hiyo kwa mwanamke mwenye afya hatari ni ndogo. Kwa mwanamke mwenye sababu nyingine ya damu kuganda, hesabu hubadilika kabisa.

Usitumie kidonge chenye estrojeni kama:

- umewahi kupata bonge la damu mguuni au kwenye mapafu, kiharusi au shambulio la moyo, au una tatizo la kurithi la damu kuganda;
- una miaka 35 au zaidi na unavuta sigara;
- una presha ya juu, au kisukari kilichokwisha kudhuru macho, figo au neva;
- una kipandauso chenye dalili za kutangulia;
- una au umewahi kuwa na saratani ya matiti;
- una ugonjwa mkali wa ini;
- una lupasi (ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe) pamoja na kingamwili zinazogandisha damu;
- umejifungua hivi karibuni: bila kunyonyesha, wiki 3 za mwanzo ni marufuku kabisa; ukinyonyesha, wiki 6 ni marufuku, na kwa kawaida hushauriwa kusubiri hadi mtoto afikishe miezi 6;
- unakaribia kufanyiwa upasuaji mkubwa utakaokulaza kitandani muda mrefu.

Kipandauso nakirudia kwa sababu wengi hawajui wanacho cha aina gani. Kichwa kugonga upande mmoja, na mwanga kukukera, ni kipandauso cha kawaida. Dalili za kutangulia ni kitu kingine: kabla kichwa hakijaanza kuuma, kwa dakika kadhaa hadi saa moja, unaona mstari unaometameta wenye kona kona au doa lisiloona linalotanuka, au ganzi inatambaa kutoka vidoleni kupanda mkononi hadi mdomoni, au maneno yanakugoma. Mwanamke wa aina hii akiongeza estrojeni, hatari ya kiharusi inapanda hata akiwa kijana. Kama umewahi kuona hivyo hata mara moja, mwambie mtoa huduma kabla hajaandika chochote. Usiseme tu "huwa naumwa kichwa".

Uliza pia nyumbani. Je, mama, baba, dada au kaka amewahi kupata bonge la damu au kiharusi akiwa na umri mdogo? Mara nyingi habari hizi hazisemwi mpaka mtu aulize.

Halafu orodhesha dawa zote unazomeza. Rifampicin ya kifua kikuu, dawa kadhaa za kifafa kama carbamazepine, phenytoin na phenobarbital, na baadhi ya dawa za VVU hupunguza nguvu ya kidonge. Unaweza kupata mimba huku unameza kila siku. Lamotrigine ni kinyume: estrojeni huishusha kiwango chake kwenye damu, na degedege likarudi. Drospirenone huweza kupandisha potasiamu, hivyo haiendi vizuri na matatizo ya figo wala na baadhi ya dawa za presha. Antibiotiki za kawaida za chunusi kama doxycycline hazina shida hiyo, ingawa watu wengi bado huambiwa zinaharibu kidonge.

Kwa mabinti: kuanza kwa ajili ya ngozi kabla ya miaka 14, au ndani ya miaka 2 baada ya hedhi ya kwanza, kwa kawaida hakushauriwi bila sababu nzito, kwa kuwa mifupa bado inajengeka.

Hatua ya 4: Pima presha, uzungumze waziwazi

Kipimo kimoja tu ndicho cha lazima: presha. Ikifika 140/90 au zaidi, rudia siku nyingine. Ikibaki juu, kidonge hiki si chako. Uchunguzi wa ukeni, kipimo cha shingo ya kizazi au vipimo vya homoni havihitajiki ili kuanza, isipokuwa kuna dalili nyingine. Mtu akikuwekea sharti hilo, muulize kwa heshima sababu yake. Uhakika kwamba huna mimba unahitajika, na mara nyingi maswali machache kuhusu hedhi yako ya mwisho yanatosha.

Usione haya kusema kwamba unakuja kwa ajili ya chunusi. Wapo mabinti wanaoogopa kuonekana wana wapenzi, na wapo wake wanaoogopa kuulizwa kama wanamkatalia mume mtoto. Mtaalamu mzuri atakuuliza mambo matatu tu ya msingi: afya yako, dawa zako, na kama unapanga mimba ndani ya mwaka mmoja ujao. Ukimficha kwamba unavuta sigara, unajidanganya mwenyewe.

Kununua dukani bila kuulizwa swali lolote ni rahisi. Ni rahisi pia kwa mwenye presha asiyejijua.

Hatua ya 5: Anza kumeza

Njia rahisi ni kuanza ndani ya siku 5 za mwanzo wa hedhi. Ukifanya hivyo, kinga ya mimba huanza papo hapo. Unaweza pia kuanza siku yoyote nyingine mradi huna mimba, ila kwa siku 7 za mwanzo tumia kondomu au usikutane na mwanamume.

Kidonge kimoja kila siku, saa ileile. Chagua saa ambayo tayari una mazoea nayo, kwa mfano unapopiga mswaki usiku. Usiku una faida nyingine: kama kitakuletea kichefuchefu, utakuwa umelala. Fuata mishale iliyochapwa kwenye karatasi ya pakiti, na pakiti ikiisha fungua nyingine kesho yake (au baada ya siku 7 kwa zile za vidonge 21). Ukifikia vile visivyo na homoni utatokwa na damu kidogo. Ni kawaida, na mara nyingi ni nyepesi kuliko hedhi uliyozoea.

Ukisahau kimoja, meza mara unapokumbuka, hata kama ni viwili siku moja, kisha endelea. Huhitaji kinga ya ziada. Ukisahau viwili au zaidi mfululizo, meza cha mwisho ulichosahau, vingine vitupe, endelea na pakiti, na tumia kondomu mpaka umeze vidonge vyenye homoni siku 7 mfululizo. Kama ilitokea wiki ya mwisho ya vidonge vyenye homoni, ruka vile visivyo na homoni, ufungue pakiti mpya moja kwa moja. Kama ilitokea wiki ya kwanza na mlikutana bila kondomu, ulizia kidonge cha dharura haraka. Ukisahau vile vya kahawia, vitupe tu. Havina kitu cha kukosa.

Ukitapika ndani ya saa 2 baada ya kumeza, meza kingine.

Kidonge hakikingi VVU wala magonjwa mengine ya zinaa. Kondomu bado ina kazi yake.

Hatua ya 6: Vumilia miezi mitatu, huku ukipaka dawa

Watu wengi wanashindwa hapa. Wanameza pakiti moja, uso uko vilevile au umeharibika kidogo zaidi, wanaitupa. Kidonge kinahitaji angalau mizunguko 3 kabla hujaona tofauti ya maana, na miezi 6 kuonyesha nguvu yake yote. Antibiotiki za kumeza huwahi kuliko hapo. Ikifika mwezi wa 6, matokeo yanakaribiana. Kwa hiyo baadhi ya madaktari huanzisha vyote viwili pamoja, kisha huondoa antibiotiki kidonge kikishika kazi.

Piga picha ya uso siku ya kuanza, kwenye mwanga uleule, bila vipodozi, pande zote mbili na kidevu. Rudia kila mwezi. Kioo cha kila asubuhi hudanganya, maana kila siku kuna kimoja kipya cha kukuvunja moyo. Ukiweka picha ya kwanza na ya mwezi wa 4 pamoja ndipo utajua.

Usimwachie kidonge kazi yote. Usiku, osha uso kwa sabuni laini, uache ukauke kabisa, kisha chukua adapalene kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima na uisambaze. Usipake juu ya kipele kimoja kimoja. Anza usiku mmoja ndiyo mmoja hapana, kwa kuwa mwanzoni hukausha na kubanduabandua ngozi. Asubuhi, benzoyl peroxide ya 2.5% inatosha, ya nguvu zaidi huunguza bila faida kubwa. Huondoa rangi ya nguo na mito, kwa hiyo vaa fulana uliyoichoka. Adapalene acha mara ukijua una mimba. Na chunusi zisiminywe, hasa kwenye ngozi nyeusi, maana kinachobaki baadaye ni doa linaloweza kukaa miezi mingi kuliko chunusi yenyewe.

Mwanzoni unaweza kupata kichefuchefu, matiti kuuma, kichwa kuuma kidogo, au matone ya damu katikati ya mwezi. Kwa kawaida haya hupungua ndani ya miezi 3. Kuhusu unene, tafiti hazijaonyesha kwamba kidonge hiki hunenepesha sana. Kujaa maji kidogo hutokea. Hisia zikibadilika sana, ukawa na huzuni isiyoisha, rudi kwa mtoa huduma bila kusubiri miezi hiyo iishe.

Liko moja ambalo anayetibu uso lazima alijue: estrojeni inaweza kuleta mabaka ya kahawia kwenye mashavu, paji la uso na juu ya mdomo, yaleyale yanayowatokea baadhi ya wajawazito. Jua huyachochea. Paka krimu ya kuzuia jua kila asubuhi na vaa kofia pana. Yakitokea, usikimbilie krimu za kung'arisha. Ongea na daktari kuhusu kubadilisha njia. Kuondoa chunusi na kubaki na mabaka si biashara nzuri.

Dalili za kukimbilia hospitali

Mguu mmoja kuvimba na kuuma, hasa kwenye shavu la mguu, nyuma chini ya goti. Kifua kuuma au pumzi kukata ghafla, kukohoa damu. Kichwa kuuma vikali kuliko ulivyowahi kuumwa. Kuona vibaya ghafla, kushindwa kuzungumza, upande mmoja wa mwili kulegea. Tumbo kuuma sana upande wa juu, au macho kuwa manjano. Acha kidonge na uende siku hiyohiyo, na ukifika sema kabla hujaulizwa kwamba unatumia vidonge vya uzazi wa mpango. Hatari ya bonge la damu iko juu zaidi mwaka wa kwanza, na hurudi juu ukiacha mwezi au zaidi kisha ukaanza tena. Hivyo tabia ya kumeza miezi miwili, kupumzika mmoja "ili mwili upumue" inakuongezea hatari bure.

Hatua ya 7: Pima matokeo mwezi wa sita

Rudia presha miezi 3 baada ya kuanza, kisha angalau mara moja kwa mwaka. Mwezi wa 6, toa zile picha.

Kama chunusi zimepungua na uko sawa, endelea. Kama zimepungua nusu, kosa huenda liko kwenye dawa ya kupaka isiyotumika sawasawa, au vidonge vinavyosahauliwa. Kama hakuna kilichobadilika baada ya miezi 6 ya kumeza vizuri, zungumza kuhusu kubadilisha projestini, kwa mfano kwenda kwenye drospirenone baada ya kupima hatari upya, au kuongeza spironolactone, ambayo huzuia androjeni na haitakiwi kutumika ukiwa mjamzito. Kwa chunusi kubwa zenye mafundo yanayoacha makovu, usipoteze nusu mwaka kusubiri kidonge. Muone mtaalamu wa ngozi mapema kuhusu isotretinoin. Dawa hiyo huharibu vibaya mtoto aliye tumboni, kwa hiyo huko nako kidonge cha uzazi wa mpango kinaweza kuhitajika, safari hii kama kinga.

Hatua ya 8: Panga namna ya kuacha

Kidonge hakiponyi chunusi. Kinazizuia wakati unakitumia. Ukiacha, androjeni hurudi kwenye kiwango chake cha zamani, na kwa wanawake wengi chunusi hurudi ndani ya miezi michache. Uwezo wa kupata mimba nao hurudi upesi, kwa baadhi mwezi uleule.

Maliza pakiti uliyonayo, usiache katikati. Endelea na dawa ya kupaka bila kukatiza, au uianze miezi 2 au 3 kabla ya kuacha kama hukuwa unaitumia. Kama unaacha kwa sababu unatafuta mtoto, badilisha adapalene uweke azelaic acid kabla ya pakiti ya mwisho kuisha, na anza kumeza folic acid mikrogramu 400 kila siku.